Meza ya kutandikia mapezi ya faiba: dalili, chanzo na dawa

Jozi yangu ya kwanza ya mapezi ya faiba, yale ya kuvaa miguuni wakati wa kuzamia, ilinipeleka kushoto. Nilizama pale Raskazone, Tanga, nikalenga mwamba ulio mbele yangu, nikaibukia upande wa pili wa ngalawa. Bapa la mguu wa kulia lilikuwa limejisokota kama ganda la ndizi lililoachwa juani. Nikailaumu resini, ule uji unaokauka na kugandisha kitambaa cha faiba, nikanunua nyingine ya bei kubwa zaidi. Jozi ya pili ikatoka na msokoto uleule, upande uleule. Hapo ningeshtuka, lakini mtu akishatoa pesa kwa ajili ya resini ghali, ni vigumu kumwambia kwamba ubaya uko kwenye mbao alizookota.

Aliyenifungua macho ni mzee jirani, fundi wa milango. Alipita barazani, nikampa shikamoo, naye akaitika huku macho yake yako mezani. "Marahaba. Meza yako imelewa, mwanangu." Akaomba uzi.

Kwa hiyo hapa sitaeleza jinsi ya kutengeneza pezi toka mwanzo hadi mwisho. Ninashughulika na meza, na kasoro zinazoonekana kwenye bapa ilhali zimezaliwa mezani. Bapa ni ule ubao mrefu unaosukuma maji. Kiatu ni sehemu ya mpira inayovaliwa. Kiatu kinanunuliwa au kinatolewa kwenye pezi kuukuu, bapa tunalitandika wenyewe: tabaka za kitambaa cha faiba zinalazwa mezani, zinaloweshwa resini, zinaachwa zikauke.

Meza ninayoizungumzia

Plaiwudi ya milimita 18, kipande cha sentimita 120 kwa 60. Karatasi nzima ya futi 8 kwa 4 inatoa vipande vinne vya kipimo hicho, kwa hiyo changeni watu wanne, au muulize seremala kama ana robo iliyobaki. Chini yake kuna fremu ya mbao za mbili kwa nne zilizosimamishwa kwa ubavu, si zilizolazwa. Ubao uliosimama hauinami kirahisi.

Juu ya plaiwudi ninaweka kioo cha milimita 8. Changu kilitoka kwenye kabati la duka lililovunjwa. Kioo cha ukubwa huo kina uzito wa kilo 14 na kidogo, usikibebe peke yako upepo ukivuma. Sababu ya kukipenda kioo ni namna kinavyotengenezwa: kiwandani humiminwa kikiwa uji juu ya dimbwi la bati iliyoyeyuka, kikajitandaza chenyewe kama mafuta juu ya maji. Hakuna randa ya seremala itakayokupa unyoofu huo kwa bei hiyo.

Kama kiatu chako tayari kina pembe yake, kioo pekee kinatosha na bapa lako litakuwa nyoofu. Kama kiatu hakina pembe, bapa lenyewe ndilo litakunjwa, na hapo kichwani mwa meza unaunganisha mteremko wa plaiwudi wenye urefu wa sentimita 25 hivi. Mimi natumia pembe ya digrii 22. Huhitaji kifaa cha kuipima: ukienda mbele sentimita 20, shuka sentimita 8. Juu ya kioo na mteremko ninalaza bati la alumini la milimita 1, nalo ndilo linalobeba kazi. Pale bati linapokunjika chini yake kuna kipande cha bomba la plastiki la inchi 4 kilichopasuliwa kwa urefu, ili mkunjo uwe wa duara. Kona kali ndipo bapa litakapovunjikia.

Dalili: bapa limejisokota

Nianze na huu kwa sababu ndio ulionitesa, na ndio unaodanganya kuliko yote. Lishike bapa usawa wa jicho, uangalie kutoka kwenye kiatu kuelekea ncha. Ukiona kona moja ya ncha imepanda na nyingine imeshuka, chukua uzi kabla hujagusa kopo la resini.

Mzee alifanya hivi. Alivuta uzi kutoka kona hadi kona ya meza, akavuta wa pili kwenye kona zilizobaki, nyuzi zikapishana katikati. Kila ncha aliiinua kwa kipande cha mbao cha unene mmoja. Nyuzi zikigusana bila kusukumana, kona nne ziko kwenye usawa mmoja. Zangu ziliacha mwanya wa milimita 2, maana yake kona moja ilikuwa imepanda milimita 4 zima. Kisha akazibadilisha, uliokuwa chini ukawa juu. Usiiruke hatua hii: msokoto ukiwa wa upande wa pili, uzi wa chini unausukuma wa juu, nawe unadhani zimegusana tu.

Chanzo kwangu kilikuwa sakafu. Meza ya miguu minne juu ya sakafu ya baraza yenye mabonde lazima ijipinde ili miguu yote ifike chini, na kioo kinafuata. Watu hudhani kioo hakipindi; cha milimita 8 kinapinda sana tu, hakikuambii. Dawa yake ipo jikoni kwa bibi. Chungu kinakaa juu ya mafiga matatu na hakitikisiki hata uwanja ukiwa na mashimo. Fremu yangu sasa inakaa juu ya nguzo tatu, mbili upande mmoja na moja katikati ya upande wa pili. Sakafu ifanye itakavyo.

Kioo nacho usikilaze moja kwa moja juu ya plaiwudi, maana kitapinda kufuata vilima vyake. Panga vidonge vya pati ya magari kila baada ya sentimita 15 hivi, funika kwa nailoni, laza kioo juu yake pati ikiwa bado laini, sawazisha kwa nyuzi na rula ndefu ya chuma, uache pati ikauke. Ikishakauka kioo kinakaa juu ya vitu vinavyolingana nacho.

Sasa, meza imepona na bapa bado linajisokota. Inatokea, na hapo ndipo wengi huanza kubahatisha. Fanya jaribio: tandika vipande viwili vidogo, sentimita 10 kwa 40, kwa kitambaa na resini ileile, mahali pale pale penye mashaka. Cha pili tabaka zake zipange kinyume, ya chini iwe juu na ya juu iwe chini, bila kuipindua hata moja. Msokoto ukibaki upande uleule wa meza, rudi kwenye nyuzi. Msokoto ukigeuka pamoja na tabaka, meza haina hatia. Kosa ni mpangilio wa tabaka.

Tabaka zinatakiwa zijitazame kama kwenye kioo: ya kwanza ifanane na ya mwisho, ya pili ifanane na ya pili kutoka mwisho, hivyo hivyo hadi katikati. Ukiweka tabaka moja ya mshazari juu na chini hakuna mwenzake, resini inapokauka na kusinyaa upande mmoja unavuta kuliko mwingine. Zile tabaka fupi zinazofanya bapa liwe nene kwenye mguu na jembamba kwenye ncha, zifiche katikati ya zile ndefu, zisirundikane zote upande mmoja. Na ukikata kitambaa usikiburute kwa kona moja. Nyuzi zake hulala mshazari bila wewe kutaka, na kwa macho huoni.

Kuna la tatu, la haraka ya mtu. Bapa likibanduliwa likiwa bichi kisha likaegemezwa ukutani juani, litasimama na umbo la ule mwegemeo. Liache mezani saa 24, na likitoka lilaze, usiliegemeze.

Dalili: halikujisokota, limeinama kama upinde

Hapa tazama bati la alumini. Bati la mita 1 likipata joto la nyuzi 20 zaidi hurefuka karibu nusu milimita. Faiba hairefuki kiasi hicho. Ukitandika saa saba mchana juani, bati likiwa halishikiki kwa mkono, resini inakauka bati likiwa refu. Jioni linarudi na kulivuta bapa. Fanya kazi kivulini tangu mwanzo hadi mwisho. Kuhamisha meza kivulini resini ikishaganda hakusaidii.

Angalia pia kama bati limekaa. Bati jembamba lililolazwa tu juu ya kioo hujiinua, hasa karibu na mteremko. Libane pande zote mbili kwa vipande vya mbao na klempu. Na kabla ya kulilaza, futa kioo kwa kitambaa kisha pitisha kiganja kitupu: punje moja ya mchanga chini ya bati itatokea kwenye bapa kama kipele, kwenye mapezi yote mawili, mahali palepale. Mimi nilidhani ni mapovu ya hewa hadi nilipoona vipele viwili vinalingana kwa milimita.

Dalili: pezi moja gumu kuliko jingine

Mguu mmoja unachoka, mwingine bado una nguvu. Usitegemee kupinda kwa mikono ili kulinganisha. Mkono wa kulia na wa kushoto havilingani. Bana bapa kwenye ukingo wa meza kwa klempu, sehemu ya kiatu ndani, ncha ikining'inia nje. Funga chupa ya maji ya lita 1 kwenye ncha, hiyo ni kilo 1, pima imeshuka sentimita ngapi. Rudia kwa la pili.

Zikitofautiana, chukua mpira wa levo, ule mrija mwangavu wenye maji ambao mafundi ujenzi husawazishia misingi, upime meza upana na urefu. Meza inaweza kuwa nyoofu kabisa na bado imeinama, haya ni mambo mawili tofauti. Resini kabla ya kuganda ni kimiminika, inatafuta bonde. Bapa la upande wa chini linashiba, la upande wa juu linabaki na njaa. Na faiba haisamehi: ugumu unakwenda na unene uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe mara tatu (unene × unene × unene), kwa hiyo unene ukizidi kwa asilimia 10, ugumu unazidi kwa asilimia 33. Unene huo huuoni kwa macho, mguu unauona.

Meza ikiwa sawa, chanzo kingine ni vipimo vyako. Pima kitambaa kwa mizani ya jikoni, changanya resini ya uzito huohuo. Kwa kitambaa cha kufumwa na kazi ya brashi, kilo kwa kilo ni mwanzo mzuri. Mati ya nyuzi zilizokatwakatwa inakunywa mara mbili ya hapo na zaidi, na ndiyo sababu siipendi kwa mapezi: unabeba resini miguuni. Tandika mapezi yote mawili pamoja, ubavu kwa ubavu, kipande kimoja kipana, ukate baadaye. Pezi la asubuhi na pezi la alasiri hayawi ndugu.

Kwenye mteremko resini nayo hushuka. Ukiona sehemu ya kiatu imefanya ziwa kwenye ukingo wa chini na mkunjo wenyewe umebaki mkavu na mweupe, subiri resini ianze kuwa nzito kidogo kabla ya kumalizia sehemu hiyo, kisha funika kwa nailoni na uikamue kwa kadi ya plastiki kutoka chini kwenda juu.

Dalili: bapa halibanduki

Usichukue bisibisi. Najua mkono umeshaifikia, irudishe.

Kama juu ya nta, ile inayopakwa mezani ili bapa lisishike, ulipaka pia dawa ya filamu inayoyeyuka kwenye maji, mimina maji ya uvuguvugu kwenye ukingo, pachika kabari za plastiki ulizokata kwenye dumu, acha nusu saa, ongeza maji, sogeza kabari. Maji yanajitafutia njia yenyewe. Kwenye kioo usimwage maji ya moto, wala usipige nyundo chini yake. Epoksi, mojawapo ya aina mbili za resini ninazozitaja hapa (nyingine ni poliesta), ikishika kioo kitupu ina nguvu ya kung'oa vipande vya kioo; vaa glovu nene na miwani.

Vyanzo nilivyovikuta ni vinne. Cha kwanza, meza mpya. Bati au kioo ambacho hakijawahi kupakwa nta kinahitaji mikono mitano au sita, yaani kupakwa mara tano au sita, si mmoja, na kila mkono usuguliwe ung'ae kisha uachwe kama saa moja kabla ya unaofuata. Meza iliyozoea inaridhika na mkono mmoja kila kazi. Cha pili, filamu haijakauka. Kwetu pwani wakati wa masika hewa imejaa maji, na dawa ambayo kopo linasema itakauka kwa dakika chache inaweza kubaki mbichi jioni nzima. Ukiigusa na kidole kikaacha alama, bado. Cha tatu, mikwaruzo: ukikata kitambaa kwa wembe juu ya meza, kila mstari unakuwa mfereji ambao resini inaingia na kujishikiza. Kata kwenye kadibodi, mahali pengine. Cha nne ni brashi ngumu inayokwangua nta wakati wa kupaka resini. Tumia roli au ukingo wa kadi, na tabaka ya kwanza ilaze taratibu.

Mtu asiye na nta ana njia moja rahisi, nayo ni tepu ya kufungia maboksi, ile ya kahawia au ya mwangavu. Epoksi haishiki juu yake. Itandike mstari kwa mstari bila kupishana. Mistari itaonekana kwenye bapa, lakini samaki hawajali. Kwa poliesta jaribu kwanza kipande kidogo, maana stairini iliyomo ndani yake inaweza kuilegeza gundi ya tepu.

Dalili: macho ya samaki na vishimo

Macho ni yale maduara ambapo resini inajitenga na kukimbia, kitambaa kikabaki uchi. Chanzo karibu kila mara ni silikoni. Polishi nyingi za magari zinayo, na ukiitumia badala ya nta ya kazi hii utaikaribisha mezani kwa miezi. Hata silikoni ya kuzibia madirisha ikitumika chumba kimoja na meza inaleta shida. Ukishaona macho, futa kwa asetoni na kitambaa safi, tupa kitambaa, rudia na kingine mara tatu, kisha anza nta upya. Kidole chenye mafuta ya nazi nacho hufanya vilevile, kwa hiyo aliyetoka kusukwa asiegemee meza.

Vishimo vidogo kama vya sindano ni habari nyingine. Hivyo ni hewa iliyochanganywa kwa kukoroga kama anayepiga mayai. Koroga polepole, kwingineko hapana siri.

Dalili: upande wa juu unanata

Tenganisha kwanza unatumia nini. Poliesta hubaki na utando wa kunata upande unaoguswa na hewa, kwa sababu oksijeni inaizuia kukauka. Hiyo ni tabia yake, si kosa lako. Ifunike kwa nailoni iliyonyooshwa ikiwa bado mbichi. Tanzania Bara mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo usitafute rambo. Nailoni ngumu inayouzwa maduka ya ujenzi ndiyo inayofaa, na inaacha uso laini kuliko mfuko.

Epoksi ikinata kama iliyopakwa mafuta ya taa, hasa baada ya usiku wenye umande, ni utando unaotokana na hadena, ile dawa ya kuikausha epoksi, kukutana na unyevu wa hewa. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sifongo ngumu, kausha, kisha ndipo upige msasa. Ukianza na msasa unausukumia ndani, na tabaka inayofuata haitashika. Anza kazi saa tatu asubuhi meza ikiwa imeshakauka umande, umalize ikiwa bado mchana.

Lakini ikinata hadi ndani, ukucha unaingia na haikauki siku ya tatu, vipimo vimekosewa. Kwa epoksi soma kama uwiano kwenye kopo ni wa uzito au wa ujazo. Havilingani, na kuongeza hadena hakuharakishi, kunaharibu. Kwa poliesta katalisti, dawa inayoianzisha kukauka, ni asilimia 1 hadi 2, na kwa joto letu la nyuzi 30 mimi hukaa kwenye 1: gramu 1 kwa gramu 100. Chini ya hapo inaweza isikauke kabisa. Joto likipanda nyuzi 10, muda wa kufanyia kazi unapungua karibu nusu, kwa hiyo changanya kidogo kidogo na umimine kwenye sahani pana; resini iliyorundikana kwenye kopo hujichemsha yenyewe hadi ikatoa moshi. Katalisti ikiruka jichoni ni hatari kubwa, vaa miwani. Na kama resini yako inauzwa bila kiharakishi, dawa nyingine ya kuharakisha ukaukaji, usikikutanishe moja kwa moja na katalisti: viwili hivyo vikichanganywa peke yake vinaweza kulipuka.

Dalili: vakyumu haishiki

Hii ni kwa waliokwisha kupanda ngazi: wanaofunika bapa bichi kwa mfuko wa plastiki uliozibwa kingo, kisha wanainyonya hewa ya ndani ili mfuko ulikandamize. Mimi natumia kompresa ya friji kuukuu upande wake wa kunyonya, na kopo la kioo katikati ya mrija ili resini isiifikie. Hewa ikitoka yote, bapa la sentimita 20 kwa 80 linakandamizwa na uzito wa kama tani 1.6, na unene unakuwa sawa kila mahali bila mizozo ya levo.

Kipimo kikigoma kupanda, watu wanahangaika na mfuko. Mara nyingi mfuko ni mzima, meza ndiyo inayopumua. Plaiwudi na MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa) isiyopakwa kitu hupitisha hewa kama chujio, na tundu la skrubu ni bomba kamili. Ziba mfuko juu ya bati au kioo chenyewe, kamwe si juu ya mbao, kwa ule mkanda mweusi unaonata wa kushikizia vioo vya magari. Pale ulipofuta nta ndipo mkanda utashika, kwa hiyo kabla ya kupaka nta weka tepu ya karatasi kuzunguka ukingo, uibandue baadaye. Kutafuta tundu tumia sikio: kipande cha mrija, ncha moja sikioni, nyingine itembee ukingoni hadi usikie filimbi. Povu la sabuni la fundi baiskeli halisaidii, maana hapa hewa inaingia, haitoki.

Mkunjo ukitoka na mfuko wa hewa chini yake, angalia umeukunja kuelekea wapi. Mteremko unaoshuka, kitambaa kinajivuta juu ya nundu na kukaa. Ukiujenga ukipanda, kitambaa kinaning'inia kwenye kona kama chandarua na vakyumu inakivuta kikakaza zaidi badala ya kukishusha. Kama huna budi kupanda, acha kitambaa na mfuko vikiwa na ziada hapo, ukisukumize kwa kidole wakati hewa inatoka.

La mwisho lilinigharimu mteremko mzima. Nilichoka kuziba kingo, nikaona nivishe mfuko mkubwa meza yote, juu na chini, kama foronya. Kompresa ikanguruma, kipimo kikapanda vizuri kuliko siku zote, kisha ukasikika mlio wa mbao. Mteremko ulikuwa mtupu ndani, na hewa ikishatoka humo hakuna kinachoshindana na ile inayokandamiza kwa nje. Mfuko ukizibwa juu ya bati pekee, hewa iliyo chini ya meza inasukuma juu sawasawa na iliyo juu inavyosukuma chini, meza haihisi kitu. Mteremko wa sasa nimeujaza mbao tupu, na chini yake nimetoboa matundu matatu ili hata bati likivuja, hewa ipite. Kompresa haikudhurika. Friji ilikotoka bado ipo jikoni, mama watoto anaitumia kama kabati la unga, na kila kipimo kinapopanda ananiuliza barafu imeshaganda.